Kadi ya Kumi na Nne

…usiseme kitu, funga mdomo, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu kila muhula, ukishamuuliza mwenzako swali nyamaza, mpe nafasi, ule ukimya unaoudhi ndio kazi yenyewe, akili imeingia ghalani inapekua, ukimtupia jibu umempokonya mzigo aliokuwa karibu kuuinua… maneno matamu ukiwa umesimama mbele ya darasa na anayenyamaza ni mtoto wa mtu mwingine, lakini huyu aliyenyamaza mbele yangu ni baba yangu mzazi, mchana wa Jumapili, mezani kwa mama, mtihani wake ni kesho saa tatu asubuhi, na kadi niliyomshikia mbele ya macho ni ya kumi na nne, ambayo Jumapili iliyopita aliijibu kabla sijamaliza kuisoma, na leo anaiangalia kama mtu aliyepelekewa barua ya jirani. Taja kwa mpangilio hatua utakazochukua iwapo maji ya boila yameshuka hata hayaonekani kwenye kioo. Mwandiko wangu huo, wino mweusi, mistari imenyooka, kadi nyeupe pe, na weupe ndio ulioniponza, kwa sababu asubuhi ya leo nimeziandika upya zote sitini, na hakuna aliyenituma, nilizitazama zile za zamani nikaona aibu, zimepinda, zimejaa madoa, nikajiambia marudio ya mwisho yafanyike kwa heshima, kana kwamba kumbukumbu ya mtu ni mgeni wa kupangiwa vikombe vizuri… na baba alipopokea ya kwanza akaipapasa kona kwa kidole gumba, akaigeuza, akaipapasa kona ya pili, akasema, "Hizi mpya, mama?" nami nikajibu kwa majivuno ndiyo baba, nimekuandikia upya, zile zilikuwa zimechakaa, akasema, "Ahaa," na katika ile ahaa yake ndimo nilipoelewa kila kitu, taratibu, kama mtu anayesikia maji yakiingia kwenye kiatu.

Kadi ya kumi na nne ilikuwa na duara la kikombe cha chai, limeachia upande mmoja, ya tisa ilikunjwa sikio, ya ishirini na mbili ina kidole gumba cha grisi, chake mwenyewe, ya thelathini niliifuta nikakosea nikaifuta tena mpaka ikatoboka, na kwa Jumapili nane nikiinua duara la chai yeye anasema zima moto, usiongeze maji, na kadhalika, bila kukwama, na mimi namtazama mama kwa jicho la unaona, naandika alama ya vema, kumbe sikumfundisha boila, nilimfundisha madoa… na hiyo ndiyo mada yangu, wiki ya tatu ya kila muhula, kutambua si kukumbuka, nawaambia unaweza kuyasoma madaftari yako mara kumi mpaka ukajua mchoro uko chini ya ukurasa upande wa kushoto, ukajiona unajua, kumbe unaujua ukurasa, ni kama mtu mnayesalimiana kila siku barabarani, uso wake umeukariri, siku umkute hospitalini hajavaa ile kofia yake unabaki kusema habari za siku nyingi, na wanafunzi hucheka hapo, hucheka kila mwaka, nami husubiri wacheke ndipo niendelee… mganga hajigangi, lakini mimi si kwamba sikujiganga, mimi nilimpa mgonjwa ugonjwa niliouandikia kijitabu.

"Mwalimu, chakula…" mama huyo jikoni, maji ya bomba yanayameza maneno yake, nasikia "…tangu saa sita…" na "…boila yenyewe ingekuwa imeshachemka," halafu kicheko chake kifupi cha puani, yeye tangu barua ilipokuja ameigeuza yote kuwa utani, maana barua ilisema waendesha boila wote wa hospitali sharti wawe na cheti, mtihani wa kuandika, maswali thelathini, atakayeshindwa atahamishiwa stoo ya mashuka, na baba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne akaiweka chini ya redio, akasema atafanya, basi, na mama akasema loo, mke mwenzangu miaka thelathini na mmoja leo ndio anadai cheti cha ndoa. Maana boila ya kufulia nguo za hospitali ni mke mwenza katika nyumba hii tangu sijazaliwa, baba humwita Bibi, asubuhi huondoka kumwamsha Bibi, jioni hurudi na habari zake, leo Bibi kakohoa, leo Bibi kanuna mpaka nimempangusa masikio, na mama hujibu mwambie nami nina masikio, na mimi nilikuwa mtu mzima wa darasa la nne nilipotambua kwamba Bibi ni chuma. Amebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa astaafu, hamna aibu katika kukunja mashuka, watu wazima wanakunja mashuka, lakini kila asubuhi apite pale mlango wa boila, amsikie kwa ndani akiunguruma vibaya chini ya mkono wa kijana mwenye cheti, na asiruhusiwe kuingia… hilo hakulisema, alisema tu, siku ile ya barua, yule atakayekuja hatajua kwamba vali ya kushoto inafunguka ukiisukuma kwanza, na akaomba chumvi.

Basi nikaichukua kazi hiyo kwa mikono miwili, nani kama mimi, binti msomi, kijitabu changu kinasambazwa mashuleni, nikaja na ratiba ya rangi tatu nikaigongomelea ukutani, baba akaistahi sana, akatundika kofia yake kwenye msumari wa ratiba, wiki nane hakuna aliyeiona rangi ya Alhamisi. Nikamwambia kidogo kidogo kila siku kinashinda kingi cha mara moja, akasema hata mafuta hayamiminwi yote kwa mkupuo, nikajisikia nimepata mwanafunzi. Nikamchanganyia mada, akalalamika mbona unanirusharusha kama panzi, mara presha, mara moshi, mara sheria, nikamweleza akili ikizoea mfuatano inasinzia, akafikiri, akasema kweli, Bibi naye akitaka kuharibika hafuati sura za kitabu. Nikamwambia amweleze mtu asiyejua, akamweleza mama vali ya usalama, inavyofunguka yenyewe mvuke ukizidi, mama akauliza sasa ikikwama je, nani anaijaribu, na lini, na kesho yake baba akaenda kazini akasoma jedwali la ukaguzi lililobandikwa pale miaka, akarudi na jibu, na mpaka leo nasema katika nyumba hii mtahini hasa ni yule mwenye mwiko. Na usingizi, nikamwambia ubongo hupanga vitu mtu akilala, kukesha ni hasara, na hiyo ndiyo mbinu pekee aliyokuwa amefuzu kabla sijaja… nilifanya kila kitu, kila kitu kilichoandikwa, isipokuwa hili moja la kitoto, kumuuliza swali bila kadi, kwa mdomo, akiwa amefumba macho, au akiwa anafunga kamba za viatu, ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya.

Bado hajasema. Macho yake yameondoka kwenye kadi, yako juu kidogo ya bega langu, yanatazama ukuta, au hayatazami, na mdomo wangu umeshajikunja, herufi ya z iko nyuma ya meno, z, zima, zima moto baba, ningempa hiyo tu, silabi moja, nani angejua… na alinieleza, Mungu wangu, alinieleza kabisa, Jumapili ya tano, alizikusanya kadi akazipangapanga kwa kiganja, akasema, "Kadi zako zina sura, mama, nimeshazizoea sura," nami nikatabasamu kama mpishi aliyesifiwa, na wiki iliyofuata akauliza siku ya mtihani watatugawia hizi hizi, nikacheka, nikamwambia mama, sikia utani wa mzee, na yeye akacheka pia, kwa adabu, kama anavyomchekea mkaguzi anayesoma geji kichwa chini. Hakuwa anatania. Alikuwa ananipa taarifa ya hitilafu, kwa lugha yake, mara mbili, na mimi mtaalamu nikaipokea kama pongezi, na yeye hakusisitiza, kwa nini hakusisitiza, labda aliona jinsi ninavyoziinua moja moja na kuandika vema zangu, akaona mtoto amefurahi, mwache… Jumapili nane tumekaa mezani hapa, mimi na yeye, kitu ambacho hatukuwa tumekifanya tangu…

Tangu nikiwa darasa la sita, meza ilikuwa hii hii, na mtihani ulikuwa wangu, nilikuwa nakariri kwa sauti kwa sababu shule yetu haikujua kusoma kwingine, mara mlango ukafunguliwa mchana kweupe na baba akaingia, baba ambaye harudi mchana, akakaa kiti kile kile alichokalia sasa, mikono yake akaiweka mezani na mikono ilikuwa inatetemeka, nilikuwa sijawahi kuona, nilidhani mikono ya baba haina uwezo huo. Mama akatoka jikoni, akamwangalia, hakumuuliza, akamwekea maji akarudi, na mimi nimeshika kitabu changu mpaka baba aliposema, "Soma, mama. Nasikia." Nikasoma. Nikasoma sehemu za ua, nikasoma mito, nikasoma tarehe za watu waliokufa zamani, nikikosea narudia, yeye akitikisa kichwa pale nilipopatia na pale nilipokosea vilevile, mpaka mikono ikatulia, na hadithi niliipata baadaye kwa vipande, mama akimsimulia dada yake upande wa pili wa pazia, kwamba siku ile kioo cha Bibi kilikuwa kitupu, mtu wa zamu iliyopita alisinzia, na mkubwa wa matengenezo, kijana mwenye tai, akasimama mlangoni akasema ongeza maji twende, chumba cha upasuaji kinasubiri mashuka, na baba akazima moto. Akasema hapana. Ongeza maji kwenye chuma kilichokauka kikawa chekundu, jengo linapaa na wewe na tai yako, hivyo alisema, au mama alisema alisema hivyo, na mkubwa akamfokea mbele ya wafuaji wote, akamfukuza aende nyumbani, na siku tatu baadaye mafundi walipomfungua Bibi wakakuta mabomba yamepinda kwa joto, wakamwita baba arudi kazini, hakuna aliyeomba radhi, wakampa jozi ya glavu.

Kwa hiyo anajua. Jibu la kadi ya kumi na nne liko ndani ya mikono ile, halikuwahi kuwa kwenye duara la chai, hapa duniani ni watu wangapi wanaolijua jibu hilo kwa namna anayolijua yeye, na mimi nilinakili hatua tano kutoka kitabu cha mafunzo, kwa herufi ndogo nadhifu, moja zima moto, mbili usiongeze maji, tatu funga njia ya mvuke, nne mjulishe msimamizi, tano acha ipoe yenyewe, nikampa akariri, bila hata siku moja kusema baba, nisimulie ile siku… na sasa kwa nini hasemi, ikiwa anajua kwa nini hasemi, labda amesahau maneno ya kitabu, labda ndiyo hiyo, madoa yameondoka na maneno yameondoka, au labda amekwama palepale kwenye namba nne, mjulishe msimamizi, maana siku ile msimamizi alikuwa amesimama mlangoni anaamuru aongeze maji, sasa mtu mkweli ataiandikaje hiyo, ataiweka kabla ya moto au baada, atamjulisha nini mtu ambaye ndiye hitilafu… ningekuwa mtunga mitihani ningempa alama kwa kukwama hapo.

"…au mmelala huko?" mama tena, bomba limefungwa, sasa nasikia vizuri, "Mpe jibu ale, mtoto wa watu," mtoto wa watu ni mumewe, na z yangu imerudi nyuma ya meno, tayari, ni silabi moja, na hapo ndipo ninapojiona, mkono umeinua kadi, mdomo umekunjwa, nimesimama mlangoni na tai yangu, kioo kitupu mbele yangu na sauti inaniambia ongeza, ongeza maji twende. Ongeza kadi nyingine, ongeza ratiba, ongeza kidokezo, na ninayemharakishia ni nani, si yeye, yeye hana haraka, mimi ndiye niliyewatangazia walimu wote pale chuoni kwamba baba yangu anadurusu kwa mbinu zangu, mpaka mfagizi ananiuliza mzee anaendeleaje, na chini ya hilo, kama nitasema ukweli, na mezani hapa hakuna wa kumdanganya, chini ya hilo kuna kitu kidogo cha darasa la sita kisichotaka kuiona ile mikono tena. Basi. Nimeliona, lina sura ya kawaida tu. Mzee wa miaka hamsini na minane anafikiri. Watu hufikiri. Kesho ataingia katika ukumbi wenye karatasi nyeupe isiyo na doa, na huko sitakuwepo, na atafikiri hivi hivi, macho juu kidogo ya bega la mtu, na huenda akaandika mambo matatu kati ya matano, au akaandika hadithi nzima ya kijana mwenye tai ukurasa mzima na nusu, na msahihishaji akaona ni porojo, na akirudi, awe amefaulu au ameshindwa, atakaa kiti kile, nami nimeomba ruhusa kazini, nitakuwepo, na sitamuuliza ulijibuje, nitachukua chochote chenye maandishi, gazeti la juzi, hata maelezo ya kwenye chupa ya dawa ya mafua, nimsomee.

Mkono wake wa kulia umetoka juu ya meza. Uko gotini, naona bega tu, bega linashuka kidogo, linasukuma mbele, halafu linazunguka, polepole, nusu mzunguko, linasimama, kama mtu anayesukuma kitu kwanza ndipo akifungue, au akifunge, sijui vali zenyewe, sikuwahi kumuuliza, na mama amefika mlangoni na kitambaa cha vyombo, amelivuta neno lake la tatu akalirudisha, anamwangalia baba kama alivyomwangalia siku ile, kadi bado iko hewani mkononi mwangu na mkono umeanza kufa ganzi, na z imeshuka kooni, nimeimeza, haina ladha…

"Subiri, mama," anasema baba, si kwa kadi wala si kwa ukuta, kwa upole, kama mtu aliyeshika mlango ili anayekuja nyuma yake asigongwe, nami nasema ndiyo baba, au nadhani nimesema, na ninasubiri, si kwa sababu ya wiki ya tatu wala kijitabu, ninasubiri kwa sababu baba yangu yuko kazini na ameniambia nisubiri…